Konfidensi intavali kwa mtu wa projekti: uwiano, wastani, na boti za Mokowe

Mtoto wa ndugu yangu alinijia kibarazani baada ya laasiri, leptopu kwapani, uso umemkunjamana kama mtu alokoswa na boti ya mwisho. Yuko mwaka wa pili wa diploma na projekti yake ni laifjaketi kwenye boti za Mokowe kuja Lamu. Akanifungulia ukurasa, umeandikwa kwa herufi nzito "asilimia 35 ya abiria huvaa laifjaketi", basi, nukta. Nikamuuliza mwanangu, umehesabu abiria wote wa mwaka mzima? Akacheka, la ami, nimehesabu 120. Haya, hio 35 ni ya hao 120, ungesimama jeti siku ya pili yake ungepata 31 ama 40, sasa vipi wataka kusema habari ya watu wote kwa namba moja ilosimama kwa mguu mmoja? Kumbe lekchara wake alishamwandikia hilo hilo kwa kalamu nyekundu, "wapi konfidensi intavali", na ndilo lilomleta kwangu.

Haya chini ndio nlomuonesha, nimeyapanga kidogo. Namba zote nimezitunga za mazoezi, na zake pia nimezibadilisha, msije mkazibeba kwenye ripoti mkasema ndio hali ya Mokowe. Neno konfidensi intavali ni refu kwaivo mimi huiita wigo, manake ndio kazi yake, unazungushia ua jibu usilolijua ukasema liko humu ndani. Unachohitaji ni kalkuleta yenye kipeuo cha pili, hata ya simu yatosha, nyingi ukiilaza simu vitufe vyatokea.

Hatua ya kwanza: jua una swali gani

Wengi hukosea hapa kabla hata ya kushika kalkuleta. Angalia kila mtu au kila kitu ulichokipima kimekupa nini. Kama kimekupa ndio au la (kavaa, hakuvaa, boti ina mtungi wa kuzimia moto, haina) basi shughuli yako ni uwiano. Kama kimekupa kiasi (kilo, dakika, shilingi) shughuli yako ni wastani. Fomula ni mbili tofauti na ukizichanganya kalkuleta haitakupigia kelele, itakupa jibu tu, zuri la kuangaliwa na bovu.

Hatua ya pili: wigo wa uwiano

Wamevaa 42 kati ya 120. Gawa, 42 kwa 120 ni 0.35. Hii tuite p.

Sasa tafuta kosa sanifu, yaani kwa kawaida hii p ingecheza kiasi gani kama ungerudia kuhesabu watu wengine 120 kwa bahati nasibu. Chukua p, zidisha kwa 1 toa p, gawa kwa idadi ya watu, alafu piga kipeuo cha pili:

0.35 × 0.65 = 0.2275
0.2275 ÷ 120 = 0.001896
kipeuo chake = 0.0435

Zidisha kwa 1.96. Hio 1.96 si uchawi, inatoka kwenye ile kengele ya nomo distribusheni (mchoro wenye umbo la kengele, namba nyingi zimejaa katikati na chache pembeni), ukienda mikengeuko sanifu (kipimo cha vile namba zimetawanyika) 1.96 kushoto na 1.96 kulia ya katikati umekusanya asilimia 95 ya kengele yote. 0.0435 × 1.96 ni 0.085. Hii ndio wanaiita majini ya era (margin of error kwa Kiingereza), na si majini wale wa kupungwa kwa ngoma, ingawa kuna wanafunzi nimewaona wakiisikia wanapandwa kweli. Mimi ntaiita ukingo.

Mwisho toa na ujumlishe. 0.35 toa 0.085 ni 0.265, ukijumlisha ni 0.435. Wigo wako ni asilimia 26.5 hadi 43.5. Hesabu yenyewe imeisha hapo, kahawa haijapoa.

Ukitaka asilimia 90 badala ya 95, tumia 1.645, upate 27.8 hadi 42.2. Asilimia 99 tumia 2.576, upate 23.8 hadi 46.2. Ona vile inavyokwenda, ukitaka uhakika zaidi ua unapanuka. Huwezi kupata uhakika mkubwa na ua mwembamba kwa data ile ile, lazima ulipie mahali.

Hatua ya tatu: kuusoma, na hapa ndipo watu huchekesha

Nlimuuliza, haya niambie hio 95 ni asilimia 95 ya nini. Akajibu "asilimia 95 ya abiria wako kati ya 26.5 na 43.5". Abiria hawezi kua kati ya 26.5 na 43.5, abiria kavaa ama hakuvaa! Akajaribu tena, "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba jibu la kweli liko humu". Hili karibu kila mtu hulisema na linasikika sawa, lakini si hivyo, na kwenye mtihani litakukata maksi.

Fikiria mtu wa kimia, ule wavu wa kurusha. Samaki mmoja katulia kwenye maji ya matope, haendi popote, huyo ndio uwiano wa kweli wa abiria wote. We ndio unotembea na kimia, kila sampuli ni mrusho mmoja, na mkono wako una uzoefu kwamba ukirusha mara 100 basi kama mara 95 kimia kitamfunika na mara 5 kitaanguka pembeni. Sasa umerusha mara moja. Kimia kiko chini ya maji, na huruhusiwi kukifunua. Ama kamfunika ama hakumfunika, hakuna nusu. Hio 95 ni sifa ya mkono, si sifa ya mrusho huu mmoja. Jerzy Neyman, mzaliwa wa himaya ya Urusi mwenye asili ya Poland, ndio alolipanga jambo hili kinadharia akalichapisha 1937, na hata wakati huo wakubwa wa hesabu walibishana nae, kwaivo we ukichanganyikiwa leo usione haya.

Kwenye ripoti andika hivi tu: "kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, tunakadiria kati ya asilimia 26.5 na 43.5 ya abiria huvaa". Neno tunakadiria linakubeba.

Kijana akafunga leptopu, akataka kwenda zake. Nikamwambia keti, kazi ndio inaanza.

Hatua ya nne: uliza hao 120 walipatikanaje

Nikamuuliza ulisimama wapi na ulihesabu vipi. Akasema nlikaa jeti Mokowe siku moja asubuhi, nikahesabu boti 8 zilizojaa, kila moja abiria 15. Nikamwambia nipe boti moja moja. Akatoa daftari:

15, 0, 2, 12, 0, 1, 11, 1

Jumla 42, sawa. Lakini ziangalie hizo namba kwa jicho la mtu alopanda boti maisha yake. Kuna boti ambayo nahodha kasema hatung'oi nanga mpaka kila mtu avae, wote 15 wamevaa. Kuna boti laifjaketi zimefungiwa chini ya kiti na kamba, hakuna hata mmoja. Abiria ndani ya boti moja hawajiamulii kila mtu lake, wanaamuliwa na nahodha, ama wanaangaliana, mmoja akivaa mwenzake nae anaona haya. Ile fomula ya 0.0435 ilidhani una watu 120 ambao kila mmoja kachotwa peke yake. Kumbe huna watu 120, una manahodha 8!

Basi tukahesabu upya, boti ndio kitu kimoja, kila boti inatoa namba yake. Wastani wa hizo 8 ni 5.25 kwa boti, ambayo ni ile ile asilimia 35, katikati haikuguswa. Mkengeuko sanifu wao ni 6.27 (vile unavyopatikana ntaonesha hatua ya sita). Gawa kwa kipeuo cha 8 upate 2.22. Zidisha kwa 2.365 (inakotoka hii ntasema chini, ni ya sampuli ndogo ya vitu 8), ni 5.25. Kwaivo 5.25 kutoa na kujumlisha 5.25, ukigawa kwa 15 ni kuanzia asilimia 0 hadi asilimia 70.

Sifuri hadi sabini. Alikaa kimya kidogo alafu akasema ami, hii ni sawa na kusema sijui kitu. Nikamwambia si sawa kabisa lakini yakaribia, na ndio ukweli wa data yako, ule wigo wa kwanza wa 26.5 hadi 43.5 ulikua mzuri kwa sababu ulikua wa uongo.

Mimi hili ndilo linaniuma kwenye projekti nyingi nnazoletewa. Watu wanajua kubonyeza, fomula wameihifadhi kama juzuu amma, lakini hakuna anouliza sampuli imetoka wapi. Na wigo wenyewe unapima kitu kimoja tu, yule mchezo wa bahati wa kuchota huyu badala ya yule. Haupimi kwamba ulisimama asubuhi tu wakati wa wafanyakazi na wanafunzi ukakosa watu wa jioni. Haupimi kwamba ulihesabu wakati wa kaskazi bahari imetulia na watu wamejisahau, ilhali wakati wa kusi mawimbi yakianza kurusha maji ndani hata mbishi ataulizia laifjaketi mwenyewe. Haupimi kwamba nahodha alikuona na daftari akawavisha watu. Ukihesabu boti elfu moja kwa njia iliyopinda utapata wigo mwembamba kama uzi, uloshikilia jibu la pembeni.

Vitu vya kawaida vinavyokuja kwa mafungu, vya kuangalia: wanafunzi wa darasa moja, watu wa nyumba moja, punda wa mwenye mmoja (akiwa mwenyewe hajali matandiko wote watakua na vidonda mgongoni), samaki wa dema moja. Kila ukikuta fungu, jiulize fungu ndio kitu kimoja au la.

Hatua ya tano: waliosema ndio wakiwa wachache

Ile fomula ya uwiano ina masharti, walosema ndio wawe angalau 10 na walosema la wawe angalau 10 (vitabu vyengine husema 5, mimi nashika 10). Vunja sharti uone. Boti 20, zenye mtungi wa kuzimia moto ni 2. p ni 0.10, kosa sanifu 0.067, ukingo 0.13, wigo ni asilimia kutoa 3 hadi 23. Kutoa tatu! Boti hasi umeiona wapi.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Wanatakwimu Agresti na Coull waliionesha 1998: jumlisha ndio mbili na la mbili za uongo kabla ya kuhesabu. Yaani badala ya 2 kati ya 20 chukua 4 kati ya 24. p mpya 0.167, kosa sanifu 0.076, ukingo 0.149, wigo asilimia 1.8 hadi 31.6. Hii yaeleweka. Mzizi wake ni njia ya Edwin Wilson ya 1927 ambayo ni nzuri zaidi lakini fomula yake ndefu, kama unatumia kompyuta iambie ikupe ya Wilson na uachane na ile ya kawaida kabisa, hata kwa sampuli kubwa haina hasara.

Na ikiwa hukupata hata mmoja? Boti 30, yenye mtungi hakuna. Fomula ya kawaida itakwambia sifuri hadi sifuri, kana kwamba una hakika kama nabii. Hapo gawa 3 kwa idadi, 3 kwa 30 ni 0.10, kwaivo juu yaweza kufika asilimia 10. Hii ni ya kichwani, hata kalkuleta huhitaji.

Hatua ya sita: wigo wa wastani

Tuache boti za abiria twende kwa wavuvi. Tuseme mashua 12 zimeshusha, umezipima kilo:

14, 22, 9, 31, 18, 25, 12, 27, 20, 16, 35, 23

Jumla 252, gawa kwa 12, wastani ni 21.

Alafu mkengeuko sanifu, ile mliyoisoma fomu foo. Toa 21 kwa kila namba, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha zote upate 662. Sasa gawa kwa 11, si 12. Hili la kutoa moja huwasumbua, sababu yake ni kwamba ule wastani wa 21 umeutoa kwenye data hio hio, kwaivo namba zimeukaribia kuliko zingeukaribia wastani wa kweli, na ukigawa kwa 12 utaona mashua zafanana kuliko zilivyo. 662 kwa 11 ni 60.18, kipeuo 7.76. Kwenye kalkuleta ya kisayansi bonyeza kitufe cha s, si kile cha σ, hapo wengi hupotea bila kujua.

Kosa sanifu ni 7.76 gawa kwa kipeuo cha 12, yaani 7.76 kwa 3.464, ni 2.24.

Unazidisha kwa ngapi? Mkono unakimbilia 1.96, uzuie. Kwa wastani hujui mkengeuko wa kweli wa mashua zote, umeukadiria kwa mashua 12 tu, na kadirio lenyewe latikisika, kwaivo lazima uongeze kidogo. Hapa ndio t inaingia, na hadithi yake naipenda ingawa imetokea pabaya. William Gosset alikua mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin (astaghfirullah, lakini hesabu ni hesabu), kazi yake ilimletea sampuli ndogo ndogo, na akaona fomula za sampuli kubwa zampoteza. 1908 akachapisha suluhisho lake kwa jina la kujificha, Student, manake kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake watoe maandishi kwa majina yao. Ndio maana mpaka leo inaitwa t ya Student.

Unaiangalia kwenye jedwali kwa idadi toa moja. Mashua 12 angalia mstari wa 11, ni 2.201. Nyengine za kukaa nazo: mstari wa 7 ni 2.365 (ndio ile ya boti 8), 9 ni 2.262, 19 ni 2.093, 29 ni 2.045. Ona vile inavyoshuka kuelekea 1.96 sampuli ikikua. Kwenye Eksel andika =TINV(0.05,11) itakupa yenyewe.

2.24 × 2.201 = 4.93. Wigo ni kilo 16.1 hadi 25.9. Ungetumia 1.96 ungepata 16.6 hadi 25.4, tofauti ndogo kwa 12, lakini kwa vitu vitano au sita itakuumbua.

Na kosa lile lile la kusoma larudi hapa kwa sura nyengine, watu husema "mashua nyingi hupata kati ya 16 na 26". Hapana. Angalia data, kuna 9, kuna 12, kuna 14, kuna 27, kuna 31, kuna 35, nusu ya mashua ziko nje! Wigo ni wa wastani, si wa mashua. Mvuvi akikuuliza mimi kesho ntapata ngapi, huu si jibu lake.

Sasa tia balaa. Tuseme ile mashua ya 35 ilikutana na kundi la nguru ikarudi na 135. Wastani waruka kutoka 21 hadi 29.3, na mashua 10 kati ya 12 ziko chini ya huo wastani. Mkengeuko wafika 33.9, wigo wawa 7.8 hadi 50.9. Huu hauna maana sana, t inataka data isiwe na mkia mrefu hivo ikiwa sampuli ni ndogo. Usiifute ile 135 ati inaharibu, nguru wale walipatikana kweli na watu wamekula. Rudi kwanza uhakikishe si kosa la kuandika, alafu kama ni kweli ripoti na mediani pia (ile ya katikati ukizipanga namba toka ndogo hadi kubwa), na utafute sampuli kubwa zaidi. Data ya pesa na ya samaki hua hivi mara nyingi, ichore kwanza hata kwa vidoti kwenye karatasi kabla ya kuihesabu.

Kitu kidogo: kama bandari nzima ina mashua 40 tu na we umepima 12, umeshaona sehemu kubwa ya zote, zidisha ukingo kwa kipeuo cha (40 − 12) ÷ (40 − 1), ni 0.847, ukingo washuka hadi 4.2. Chini ya asilimia 5 ya wote usijisumbue.

Kulinganisha makundi mawili

Hili nalitia kwa sababu nimeliona kwenye projekti tatu mwaka huu. Umehesabu abiria 200 asubuhi 60 wamevaa, na 200 jioni 80 wamevaa (tufanye umewachota mmoja mmoja vizuri). Wigo wa asubuhi 23.6 hadi 36.4, wa jioni 33.2 hadi 46.8. Zimepandana pale kati ya 33 na 36, mwanafunzi anaandika "hakuna tofauti". Si sahihi. Kama swali ni tofauti, hesabu wigo wa tofauti: 0.40 toa 0.30 ni 0.10, kosa sanifu la kila kundi unalizidisha kwa lenyewe, unajumlisha yote mawili, unapiga kipeuo, ni 0.047, ukingo 0.093. Wigo wa tofauti ni asilimia 0.7 hadi 19.3, na sifuri haimo. Nyigo zikiwa hazigusani kabisa ndio tofauti iko wazi, zikipandana kidogo bado hujui mpaka uhesabu.

Hatua ya saba: ningehesabu wangapi?

Hii ilifaa iwe ya kwanza lakini kila mtu huja nayo mwisho, data ishakusanywa na nauli ishaliwa.

Kwa uwiano, amua ukingo unaoutaka, na kwa p tia 0.5 kwa sababu ndio inayotoa ukingo mkubwa kuliko zote, kwaivo haiwezi kukuponza. 1.96 × 1.96 × 0.25 ni 0.9604, igawe kwa ukingo uliozidishwa kwa wenyewe. Ukingo wa asilimia 10 unataka watu 97, asilimia 5 unataka 385, asilimia 3 unataka 1,068. Kila mara pandisha juu hata ikiwa ni 384.16. Na uone bei yake, kupunguza ukingo nusu unalipa mara nne, si mara mbili.

Jambo linalowashangaza watu ni kwamba ukubwa wa mji haumo kwenye fomula. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti ya Lamu na 47,564,296 Kenya nzima, na 385 walochotwa sawasawa wanakupa ukingo ule ule huku na kule. Kuonja chumvi ya sufuria la nyumbani na la harusi ni kijiko kimoja, bora umekoroga. Tatizo hua kwenye kukoroga, kule Kenya nzima ndio kazi.

Lakini hizo 385 ni za watu walochotwa mmoja mmoja, na kijana wangu hachoti abiria, anachota boti. Tukarudi kwenye daftari lake. Mkengeuko wa boti kwa boti ulikua 6.27 kati ya 15, yaani 0.418. Akitaka ukingo wa asilimia 10: 1.96 × 0.418 ÷ 0.10 ni karibu 8.2, zidisha kwa yenyewe ni 67.2. Boti 68, tukasema 70 kwa salama. Na si za asubuhi moja, tukachora jedwali la siku saba na saa nne nne, tukaandika vikaratasi tukavitia kwenye kofia yangu, akachota mwenyewe siku gani na saa gani asimame, kwa sababu akichagua kwa kupenda atachagua wakati wa kivuli.

Ripoti ya sasa tukaiandika ilivyo: "kati ya abiria 120 katika boti 8 zilizohesabiwa asubuhi moja, 42 (asilimia 35) walikua wamevaa, kwa kuchukua boti kama kitu kimoja, wigo wa asilimia 95 ni 0 hadi 70". Akasema lekchara atacheka. Nikamwambia akicheka mpe hizo namba nane azihesabu mwenyewe.

Juzi kanipigia simu toka Mokowe, upepo wapiga kwenye simu mpaka simsikii vizuri, kakaa chini ya paa la jeti na chupa ya chai, yuko boti ya 31. Ati nahodha mmoja ashamjua, kila akimuona anapiga kelele "daftari huyo, vaeni!" na anauliza boti hio aiweke au aiache.